Ngozi inatoka kama plastiki: nianzie wapi kujifunza kusafisha picha za sura?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga picha hapa Morogoro, zaidi send-off, mahafali na picha za studio. Kamera ninayo na mwanga najitahidi, ila nikifika kwenye kusafisha sura naharibu. Nikitumia programu za simu ngozi inakuwa ya mdoli. Nikikaa kwenye kompyuta nafuata video zenye hatua nyingi, na mwisho wa siku sura inabaki na ukungu. Wateja nao kila mmoja anataka "nitoe mweupe kidogo". Laptop yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nianze na mbinu ipi, na je, nilipie kozi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza na brashi. Jifunze kutia nuru na kivuli kwa mkono, ile kazi wapiga picha wanayoiita dodge na burn, na zile video za kulainisha ngozi kwa blur, yaani kuitia picha ukungu, ziweke kando kwa miezi kadhaa. Kozi tutaizungumza mwisho.

Sababu utaiona mwenyewe. Fungua picha yoyote ya sura uliyoiona chafu, ikuze hadi asilimia 100, uangalie shavu moja tu. Chunusi utakuta mbili tatu. Vingine vyote ni mabaka madogo: hapa pamebonyea kidogo pakashika kivuli, pale pameinuka pakashika mwanga, penye kovu la zamani rangi imekolea. Jicho la mtazamaji linayajumlisha hayo yote na kusema ngozi mbaya. Ukipitisha blur, mabaka yanapungua kweli, ila vinyweleo vinaondoka navyo, na bila vinyweleo hakuna tena ngozi pale, kuna rangi tu iliyopakwa. Ukiinua mwanga wa baka jeusi na kushusha wa baka jeupe, kila kinyweleo kinabaki mahali pake. Hakuna filta inayojua lipi ni baka na lipi ni umbo la shavu la mtu huyu. Wewe uliyekaa naye studio unajua.

Kabla ya brashi hiyo kuna usafi wa kawaida, nao hauna maneno mengi. Jiulize kama kitu hicho kitakuwepo usoni mwa mteja mwezi ujao. Chunusi, mkwaruzo, vipele vya ndevu baada ya kunyoa, uzi wa mtandio ulioangukia shavuni, poda iliyoganda pembeni ya pua: ondoa. Kovu la utotoni, alama ya kuzaliwa, chale, mwanya, alama ya sijda kwenye paji la mzee: usiguse mpaka mwenyewe aseme. Mwanya hasa. Kuna wahariri wanaouziba kama pengo la jino, wakati mwenyewe amesifiwa mwanya huo tangu utotoni.

Kazi hiyo ifanye kwenye leya tupu, yaani tabaka lisilo na kitu, juu ya picha, usiguse picha ya asili. Kwenye Photoshop, au Photopea ambayo ni programu ya bure inayofanana nayo, chagua Healing Brush, na kwenye upau wa juu uiambie ichukue sampuli kutoka leya ya sasa na za chini. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko doa. Shika Alt, bofya ngozi nzuri iliyo jirani, kisha gusa doa. Chombo hiki kinachukua ule ukwaruzo wa ngozi ya jirani na kuuoanisha na rangi na mwanga wa pale unapopaka. Clone Stamp inahamisha kila kitu kama kilivyo, rangi na mwanga pamoja. Na kwa sababu inaoanisha na jirani, Healing Brush ikikaribia ukingo wa nywele au wa mdomo inavuta weusi na kuacha uchafu. Hapo badili, tumia Clone Stamp. Na sampuli ya shavu itoke shavuni. Ngozi ya paji la uso ina mistari ya kulala, ya pua ina vitundu vikubwa, ya kidevu cha mwanamume ina vishina vya ndevu. Ukizichanganya, mtazamaji hataweza kukuambia kosa ni nini, ila ataona kuna kitu.

Sasa brashi yenyewe. Tengeneza leya mbili za Curves, chombo chenye mstari unaoupinda ili kuongeza au kupunguza mwanga. Ya kwanza inua mstari katikati mpaka picha ing'ae wazi, uiite Nuru. Ya pili ishushe katikati, uiite Giza. Bofya maski ya kila moja, yaani pazia linaloamua leya ionekane wapi, na ubonyeze Ctrl na I ili iwe nyeusi. Picha itarudi ilivyokuwa. Chukua brashi laini ya rangi nyeupe, Flow, yaani kasi ya rangi kutoka kwenye brashi, iwe kati ya asilimia 2 na 4. Utapaka na hutaona kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Paka tena na tena juu ya kivuli kidogo mpaka kilingane na jirani yake. Brashi iwe na ukubwa wa baka unalorekebisha. Ikizidi, unahamisha shavu zima. Ikiwa ndogo mno, unachora mistari.

Kwa kuanzia hutayaona mabaka hayo vizuri, hasa kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu rangi inakuzuga. Kwa hiyo juu ya kila kitu weka leya ya kuchungulia: ijaze nyeusi tupu, hali yake ya kuchanganyika (blend mode) iwe Color, na juu yake Curves nyingine ya kuongeza kontrasti. Picha inakuwa nyeusi na nyeupe, yenye ukali, na kila baka linajitokeza. Fanya kazi humo dakika chache, izime, utazame, uiwashe tena. Ukikaa humo muda mrefu utaanza kufukuza vivuli ambavyo kwenye picha ya kweli havionekani kabisa, na utamaliza ngozi.

Mahali wengi wanapopotea ni hapa: hawatofautishi baka na umbo. Kivuli cha chini ya mfupa wa shavu ni umbo. Mstari kutoka puani hadi pembe ya mdomo ni umbo, hata kwa kijana. Ukiufuta, mtu anayecheka anaonekana amebandikiwa meno. Upunguze nusu, basi. Weusi wa chini ya macho vilevile. Kila mtu ana kishimo pale, na mama wa miaka 60 asiye nacho, hata mjukuu wake hatamtambua.

Ngozi nyeusi ina jambo lake ambalo video nyingi hazikuelezi, kwa sababu zimetengenezwa kwa sura nyeupe. Kwenye ngozi nyepesi umbo la uso linasomwa zaidi kwenye vivuli. Kwenye ngozi nyeusi linasomwa kwenye mng'ao: paji, daraja la pua, mfupa wa shavu, mabega. Ukifuta mng'ao wote kwa kuudhania mafuta, uso unakuwa bapa. Acha mng'ao, punguza ule tu uliopasuka, yaani ule mweupe kabisa usio na rangi ndani yake. Huo nao hauponi kwa leya ya Giza. Pale hakuna taarifa yoyote iliyobaki, ukiushusha unapata baka la kijivu. Fungua leya mpya, hali yake iwe Darken, chukua rangi ya ngozi kwenye ukingo wa mng'ao kwa Alt, na upake kwa opasiti (uzito wa rangi) ya asilimia 10 hivi, taratibu, ukiacha kitovu cha mng'ao kiwe bado ndicho cheupe kuliko pengine. Tishu na poda kidogo kabla ya kubonyeza kamera vingekuokolea nusu saa hiyo, hasa kwenye ukumbi usio na feni.

Rangi sasa. Wengi hulalamika pia kwamba ngozi inatoka ya majivu, na hilo lina sababu inayopimika. Fungua paneli ya Info na upeleke mshale kwenye paji la mteja wako. Kila rangi ina namba yake, na kwa mwanga wa kawaida ngozi ya kahawia inasomeka nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Tuseme umepata 132, 88 na 66. Picha ilikuwa na giza kwa sababu gauni jeupe lilidanganya kipima mwanga cha kamera, kwa hiyo ukavuta kitelezi cha vivuli kwa nguvu, na sasa paji linasoma 160, 125, 112. Limeng'aa, sawa, lakini angalia pengo: bluu ilikuwa nusu ya nyekundu, sasa ni asilimia 70. Namba tatu zikikaribiana rangi inaelekea kijivu. Hayo ndiyo majivu unayoyaona. Dawa ni kupiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kuongeza Exposure badala ya kunyanyua vivuli peke yake, na kama bado paji limefifia, kurudisha wekundu kidogo kwenye toni za kati. Na ukipiga bibi harusi, ongeza mwanga kwenye kamera palepale, ukiishia kabla gauni halijapoteza mikunjo yake.

Turubai nalo lina mambo yake. Chini ya turubai la bluu kila uso unapokea bluu, chini ya la machungwa kila uso unaungua. Rekebisha uso kwa maski yake peke yake. Ukisahihisha picha nzima, mapambo ambayo kamati imeyachangia miezi mitatu yatabadilika rangi na utaulizwa. Taa za zambarau za ukumbini mimi huwa sihangaiki nazo. Nabadilisha picha kuwa nyeusi na nyeupe, na wateja wengi huipenda hiyo kuliko zote.

Preseti za kununua, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, zitumie kwa hadhari. Ngozi za binadamu karibu zote, nyeusi kwa nyeupe, zinaangukia kwenye rangi ya machungwa. Preseti nyingi zinazouzwa kwa jina la harusi za mwanga mwororo zinanyanyua mwangaza wa machungwa ili ngozi ya Kizungu iwake. Ukiiweka kwa mteja wako umemchubua bila yeye kuomba. Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta: kwa miongo kadhaa maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa Shirley, na wengine wote tukatoka tulivyotoka. Google ilipotoa simu za Pixel 6 mwaka 2021, ilitangaza wazi kwamba imezirekebisha kamera zake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kununua preseti, tazama kama muuzaji ameonyesha hata sura moja inayofanana na za wateja wako.

Hapo tunafika kwa huyo anayesema "nitoe mweupe". Usimhubirie, ameleta hela yake. Mara nyingi anachotaka ni kuonekana na nuru, na hana neno jingine la kukuambia. Mfanyie hivi: inua mwanga wa uso kwa Curves ukiangalia zile namba tatu zisikaribiane, ongeza kontrasti kidogo, punguza weusi wa chini ya macho, safisha wekundu kwenye weupe wa jicho bila kuufanya karatasi, halafu umwonyeshe. Wengi wanaishia hapo na wanashukuru. Akisisitiza, mwonyeshe mikono yake kwenye picha hiyohiyo. Sura imenyanyuliwa, vidole vimebaki: mkorogo wa kompyuta, uso Fanta, mikono Coca-Cola. Atacheka, na mtaelewana. Kuna wachache watakaoondoka kwenda studio ya pili. Waache waende, maana picha hiyo ingetembea mitandaoni na jina lako pembeni.

Kupunguza tumbo na kiuno kwa Liquify, chombo cha kusukuma na kuvuta umbo, sina ugomvi nako ukifanya kidogo, na nguo iliyojikunja vibaya naisawazisha kila siku. Ila kama unawaza kuchukua kazi za matangazo ya nje kwa mtandao, ujue kwamba Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imeguswa, na Norway ikafuata na sheria yake Julai 2022. Picha za pasipoti na viza usiziguse kabisa. Marekani, kwa mfano, haikubali picha ya viza iliyobadilishwa kwa programu au filta, na mteja akikataliwa atarudi kwako.

Programu za akili bandia zinazosafisha sura kwa mguso mmoja zinaharakisha kazi, siwezi kukataa. Shida yake ni kwamba zinabuni. Zikikuta jicho lenye ukungu zinachora jicho jingine zuri, kope ambazo mtu hana, meno yaliyonyooka. Kwenye picha ya mahafali labda itapita. Kwenye picha ya marehemu haipiti. Wewe uko mtaani, unajua namna zinavyokuja: familia inaleta picha ndogo ya kitambulisho iliyofifia, inataka ikuzwe ya kuweka mbele ya jeneza kesho asubuhi. Mashine itakupa mzee msafi sana ambaye watoto wake hawamjui. Hapo fanya kwa mkono: ondoa mikwaruzo ya karatasi, rudisha kontrasti, weka ukubwa unaowezekana, na uache sura iwe na ukungu wake.

Kuhusu laptop ya GB 4, usikate tamaa wala usikope. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari, ni bure, ina Curves, maski na karibu kila kitu nilichokitaja, na inasoma faili za Photoshop. Picha yako haipandishwi popote, kazi inafanyika kwenye mashine yako mwenyewe, kwa hiyo bando linaliwa wakati wa kufungua ukurasa tu. Funga madirisha mengine yote. GIMP nayo ni bure. Humo badala ya leya mbili za Curves tengeneza leya moja ya kijivu cha katikati, hali yake Soft Light, na upake nyeupe au nyeusi kwa nguvu ndogo sana. Matokeo ni yaleyale. Hata kwenye simu, Snapseed ina brashi ya Dodge & Burn ambayo wengi hawajawahi kuifungua kwa sababu wamezoea kitufe cha kulainisha.

Ile mbinu ya video zako zenye hatua nyingi, ya kutenganisha ukwaruzo na rangi, iliyokupa ukungu, kwa Kiingereza inaitwa frequency separation, na ukifika wakati wake itakufaa. Nakala ya chini ya picha inatiwa blur mpaka vinyweleo vipotee, nakala ya juu inabaki na vinyweleo peke yake, halafu unasawazisha rangi chini bila kugusa ngozi juu. Ukungu wako umetokana na kulainisha mno leya ya chini: kivuli cha pua kimevuja kikaingia shavuni. Aliyekwishajua kwa brashi kivuli kipi ni umbo hafanyi hivyo. Aliyeanza na mbinu hii hana namna ya kujua.

Halafu kuna skrini. Ukihariri usiku na ile rangi ya njano ya kupumzisha macho imewashwa, picha zako zote zitatoka za bluu asubuhi. Mwangaza wa skrini ukiwa umejaa, utaona sura inatosha, na maabara itakutolea picha nyeusi, kisha ugombane na watu wa maabara bure. Shusha mwangaza mpaka karatasi nyeupe uliyoiweka pembeni ya skrini ifanane na ukurasa mweupe ulio ndani yake. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na simu na maabara nyingi. Toa sura moja ya inchi 4 kwa 6 kwa majaribio kabla ya kupeleka albamu nzima. Na unapomtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo vinyweleo ulivyovihangaikia vitabanwa vife njiani.

Usijaribu kufanya haya kwenye picha zote 400 za send-off. Zipe zote rangi na mwanga, halafu chagua 20 za albamu ndizo zipate brashi. Mweleze mteja hivyo kabla ya malipo ya awali, iandikwe kwenye risiti. Na zile picha za kabla na baada unazotamani kuzibandika mtandaoni upate wateja, omba ruhusa ya maandishi. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, na sheria ya kulinda taarifa hizo ya mwaka 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023. Hata bila sheria, hakuna anayefurahi kuona chunusi zake kwenye tangazo la mwenzake.

Kozi, basi. Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu akufungulie faili lake lenye leya zote. Picha iliyokamilika isikutoshe. Ukikuta leya moja ya ngozi iliyolainishwa na chini yake picha ya asili, itunze hela yako. Ukikuta maski za nuru na giza zilizopakwa kwa mkono na leya za rangi zenye majina, huyo anajua. Muulize pia kama atakagua kazi zako wewe, kwa sababu hatua zote ziko bure kwenye video, unachokosa ni mtu wa kukuonyesha ulipozidisha. Ukimkosa hapo Morogoro, kusanyeni wapiga picha watatu wanne, kila mmoja asafishe RAW ileile nyumbani kwake, kisha mfungue mafaili pamoja na kuzima leya moja moja. Anzeni na sura ya mwanamume wa makamo mwenye ndevu za siku mbili. Warembo wa miaka 20 hawafundishi kitu.